Kitabu Kisichosubiri Mbalamwezi

Kwa karibu muhula mzima nilimdhania mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili kuwa mvivu wa msimu. Kwa siku saba au nane mfululizo kazi zake za nyumbani za Biolojia zilikuja zimekamilika, michoro imewekewa majina yote na majibu yameandikwa kwa maneno yake mwenyewe. Kisha zikapita wiki mbili na zaidi ambazo ama hakuleta kitu, ama alileta kazi iliyonakiliwa asubuhi kutoka kwa jirani, makosa ya jirani yakiwa humo humo. Nilimwonya, nikamhamisha dawati, na, jambo ambalo sijivunii, nikampa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya maabara. Hakujitetea hata kwa neno moja.

Aliyenifumbua macho ni mama yake, siku ya Jumamosi, nilipokwenda mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, kununua dagaa. "Mwalimu, usimchoke mwanangu," aliniambia huku akigeuza dagaa juu ya kichanja. "Hicho kitabu mlichotuma kiko kwenye simu ya baba yake, na simu inakwenda ziwani na mwenyewe. Ikilala nyumbani ni mbalamwezi tu."

Msomaji asiyekaa kandokando ya ziwa atahitaji maelezo kidogo. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa: zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi zaidi ni taa za betri na sola. Usiku wa giza, ukizitazama taa hizo kutoka kwenye vilima vya Ilemela, hapa Mwanza, utadhani kuna mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, mwanga wake huenea juu ya ziwa lote, taa ya mvuvi hupoteza nguvu ya kuwakusanya dagaa, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kuziba mitumbwi. Hizo ndizo siku ambazo mwanafunzi wangu alikuwa na kitabu. Nilikuwa nimeamini kwamba nimewagawia watoto wote kitabu cha kiada kwa kutuma faili lake katika kundi la WhatsApp la wazazi. Kumbe nilichogawa ni ruhusa ya kumwomba baba simu, na baba mwenyewe alikuwa katikati ya ziwa.

Kisa hicho ndicho kilichonijia kichwani mwaka huu, katika kikao cha wazazi, pale baba mmoja anayefanya kazi za ofisini mjini aliposimama na kuuliza kwa nini shule bado inahangaika na vitabu vya karatasi vya sayansi. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Alisema Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo wengi tunaiita TET, ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada vinasomwa bila kununua. Kwamba vitabu vya karatasi vinachakaa, vinaibwa na vinaliwa na mchwa. Na kwamba mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024, kwa kuanzia na baadhi ya madarasa, shehena nzima ya vitabu iligeuka kuwa mzigo wa kabatini. Akapendekeza michango ya wazazi ielekezwe kwenye vishikwambi. Wazazi kadhaa walipiga makofi, na mimi, niliyekuwa nimekaa meza ya walimu, sikuwa na jibu fupi. Makala hii ndiyo jibu langu refu.

Nianze na kinachoonekana kwa macho darasani. Mada ya usafirishaji katika viumbe hai haiwezi kueleweka bila mchoro wa moyo, na mchoro wa moyo hauwezi kueleweka bila aya inayosema damu inaingia wapi, inasukumwa na chumba kipi, na inatokea upande gani. Katika kitabu kilichofunguliwa, mchoro na aya hukaa pamoja mbele ya mtoto. Kidole cha mkono wa kushoto hukaa kwenye vali, kile kilango cha damu ndani ya moyo, cha kulia kinafuata maneno, macho yanakwenda na kurudi mara kumi, na katika kule kwenda na kurudi ndimo mtoto anamoelewa. Nimewatazama watoto haohao wakisoma ukurasa huohuo kwenye simu ya mzazi. Wanautanua mchoro kwa vidole viwili ili waone majina, aya inatoka nje ya kioo. Wanairudisha aya, mchoro unakuwa mdogo kama kucha. Baada ya mara mbili tatu wanaacha kurudi, wanasoma aya peke yake kama hadithi na kuikariri. Maksi za kukariri wanapata. Ukiwageuzia mchoro, ukawauliza kwa nini ukuta wa upande wa kushoto wa moyo ni mnene kuliko wa kulia, wanakutazama tu.

Nilijua nilichokiona, ila nilitaka kujua kama ni macho yangu ya kizamani. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Pablo Delgado wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, walikusanya matokeo ya tafiti 54 zilizofanywa kati ya mwaka 2000 na 2017, zikiwa na washiriki zaidi ya 170,000, na kulinganisha uelewa wa waliosoma kwenye karatasi na wa waliosoma kwenye skrini. Waliosoma karatasi walielewa vizuri zaidi pale matini ilipokuwa ya maelezo, na hasa muda ulipokuwa na kikomo. Pale matini ilipokuwa hadithi tupu, tofauti hiyo haikuonekana. Kitabu cha sayansi ni matini ya maelezo kutoka jalada hadi jalada, na mtihani wa upimaji wa kidato cha pili haujawahi kumsubiri mtu. Lililonishangaza zaidi ni kwamba kadiri miaka ilivyosonga, pengo halikupungua. Liliongezeka, ingawa wasomaji wa miaka ya baadaye walikuwa wameizoea skrini kuliko waliotangulia.

Mara nyingi katika mazungumzo ya namna hii huletwa mfano wa Sweden, ambayo mwaka 2023 serikali yake ilitenga kronor milioni 685 kununulia shule vitabu vya karatasi baada ya miaka mingi ya kuelekea kwenye vifaa vya kidijitali. Mfano huo ninautumia kwa tahadhari. Mtoto wa Sweden alikuwa na skrini yake, ina chaji, ina intaneti, na wakubwa wake wakaona imezidi, wanarudi walikotoka. Mtoto wa kata yangu hajawahi kuondoka. Kumwambia aachane na skrini kwa sababu imewachosha wengine ni sawa na kumshauri mwenye njaa apunguze wali.

Kwa hiyo nisieleweke kuwa ninakiabudu kitabu. Kuna utafiti mwingine ambao kila mpenda vitabu anapaswa kuusoma akiwa amekaa, na ulifanyika jirani tu na ziwa hili letu, Busia, magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 1996 shule kadhaa za msingi zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zilipewa vitabu vya kiada bure, na watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin wakafuatilia matokeo ya mitihani. Wastani wa ufaulu haukupanda kwa kiasi cha maana. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Sababu kubwa ilikuwa lugha: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ya pili au ya tatu kwa wengi wa watoto wale, na mtoto wa kawaida hakuweza kuvisoma.

Nilipousoma utafiti huo nilijisikia kama mtu aliyetajwa jina hadharani. Mtoto wa Tanzania katika shule ya msingi ya serikali husoma sayansi kwa Kiswahili. Anajua usanisinuru ni nini, anaweza kumweleza bibi yake kwa nini majani ni ya kijani. Kisha anaingia kidato cha kwanza, na Januari ile ile kila alichokijua kinabadilishwa jina. Biolojia, Kemia na Fizikia zote zinageuka kuwa Kiingereza, na kitabu cha kiada, kiwe cha karatasi au cha kwenye kioo, kinakuwa ukuta wa herufi. Mwalimu mwenye huruma hufundisha kwa lugha zote mbili; wakati wa mtihani huruma hiyo haimo kwenye karatasi ya maswali.

Hapo ndipo nilipotambua jambo kuhusu karatasi ambalo utafiti wa Busia haukunifundisha. Vitabu vya shule yetu, vile ambavyo kwa miaka kadhaa vimeachwa kukaa mikononi mwa wanafunzi, vimejaa penseli. Juu ya kila neno gumu kuna tafsiri ndogo ya Kiswahili, pengine imeandikwa vibaya, pengine imefutwa na mwanafunzi wa mwaka uliofuata na kusahihishwa. Kuna kurasa ambazo ukizisoma kwa makini utaona mikono mitatu au minne tofauti, kila mmoja umemrithisha mwenzake neno. Sheria inasema kitabu cha shule hakiandikwi, na kwa miaka ya mwanzo niliisimamia sheria hiyo kwa kiboko cha maneno. Siku hizi ninageuza uso. Kamusi hiyo ya pembezoni, iliyotungwa na watoto kwa ajili ya watoto, ndiyo inayokifanya kitabu cha Kiingereza kisomeke kwa yule mwanafunzi wa kawaida ambaye Busia aliachwa nyuma. Faili kwenye simu ya baba haliandikwi penseli, na hata kama kuna programu ya kuliandikia, alama za huyu hazimfikii yule wa mwaka ujao.

Lakini penseli haifiki kwenye kitabu kilichofungiwa. Niliwahi kufundisha shule moja, sitaitaja, ambayo ilikuwa na vitabu vya sayansi vya kutosha mtoto mmoja kitabu kimoja katika vidato viwili vya chini. Vilikuwa stoo, vimefungwa kamba kumi kumi, baadhi bado vina harufu ya kiwandani. Nilipomwomba mkuu wa shule vigawiwe, alinijibu kwa upole kabisa: "Mwalimu mwenzangu, kikipotea kimoja mkaguzi ataniuliza mimi, hatamuuliza mtoto." Sikuweza kumlaumu moja kwa moja, kwa sababu ni kweli kwamba tangu elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa mwaka 2016, kumdai mzazi fidia ya kitabu kunahitaji moyo mgumu, na hoja ya ukaguzi haina moyo kabisa. Tulikuwa tukivitoa kwa kipindi kimoja, watoto wanne wakikizunguka kitabu kimoja ili vingine "visichafuke," kisha kiranja anavirudisha akihesabu kwa sauti. Wazazi wa watoto wale wangesema, kwa haki kabisa, kwamba vitabu vya karatasi havisaidii kitu.

Watanzania wa rika langu wanakumbuka vitabu vya chenji ya rada. Mwaka 2012 kampuni ya BAE Systems ya Uingereza ilikubali kuirejeshea nchi yetu paundi milioni 29.5 kutokana na ile biashara tata ya kuiuzia serikali rada, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikaelekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Ninaikumbuka furaha ya siku ile makontena yaliposhuka. Ninakumbuka pia kwamba hakuna aliyetuuliza, mwaka mmoja au miwili baadaye, ni vitabu vingapi vilikwishalala usiku hata mmoja nyumbani kwa mtoto.

Narudi kwa yule baba wa kikao na vishikwambi vyake, maana anastahili kusikilizwa hadi mwisho. Sina ugomvi na kishikwambi. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu, nami nilipata changu, na kimenifanyia kazi ambayo hakuna kitabu kitakachoifanya. Moyo kwenye karatasi umetulia. Kwenye video unapiga, vali zinafunguka na kufunga, na darasa la watoto 60 linanyamaza kimya kuliko ninavyoweza kulinyamazisha mimi. Shule ambayo haina kemikali za kutosha inaweza kuonyesha majaribio ambayo vinginevyo yangebaki kuwa maneno. Tena kosa la kwenye faili husahihishwa usiku mmoja, wakati kosa lililopigwa chapa husafiri na kitabu kwa miaka. Tuliliona hilo mwaka 2017, makosa ya vitabu vya kiada yalipozua mjadala mkali hadi bungeni. Katika hili karatasi inashindwa, na sioni sababu ya kulificha.

Ila kifaa hicho ni changu mimi, mwalimu. Kinachajiwa ofisini, kwa bando langu, na kinaonyesha kile ninachochagua mimi kwa muda ninaoupanga mimi. Mtoto wangu wa kidato cha pili haruhusiwi kuja shuleni na simu, na kanuni hiyo sioni ikibadilika karibuni, wala siitaki ibadilike haraka. Kwa hiyo tunapomwambia asome kwenye mtandao tunamaanisha asome nyumbani, saa mbili usiku, baada ya kuchota maji na kuosha vyombo, kwenye simu ambayo ni moja kwa nyumba nzima na ambayo ndiyo pia benki ya familia, redio ya familia, na kwa wengine ndiyo tochi. Mzazi anayepokea fedha za samaki kwa simu hawezi kumwachia mtoto saa nzima aitazame vali ya moyo. Sidhani kama hata mimi ningeweza. Na ukimnunulia kila mtoto kishikwambi kwa mchango wa wazazi, utarudi kwenye stoo ileile: kitu cha bei kubwa kuliko kitabu kitafungiwa kwa kufuli kubwa kuliko la kitabu.

Nilichomwambia yule baba hatimaye, nje ya ukumbi, tukiwa tunasubiri daladala ya Igoma, ni kwamba kama kuna fedha za kutosha kitu kimoja tu kwa mtoto wa kidato cha kwanza na cha pili, basi nianze na kitabu cha karatasi kinacholala kwake, na projekta moja ya shule kwa ajili ya yale yanayotembea. Alicheka akasema, "Sasa Mwalimu, hivyo ni vitu viwili." Ni kweli. Hesabu si somo langu.

Na yule mwanafunzi wa mbalamwezi? Jumatatu iliyofuata baada ya kukutana na mama yake nilikwenda kwa mwalimu wa taaluma, nikaandika jina langu kwenye daftari la kuazima, nikachukua kitabu cha Biolojia namba 17 na kumpa aende nacho nyumbani mpaka mwisho wa mwaka. Kikipotea, nidaiwe mimi. Sitasema kwamba aligeuka kuwa wa kwanza darasani, kwa sababu hakugeuka; alitoka kwenye mkia akafika katikati, na kazi zake zikawa zinakuja mwezi ukiwa umeandama au haujaandama.

Wiki tulipofika kwenye mabadilishano ya gesi aliinua mkono. Nilikuwa nimefundisha, kama kitabu kinavyofundisha na kama nilivyofundishwa, kwamba samaki hupumua kwa matamvua. "Mwalimu," alisema, "kamongo akizuiwa asije juu anakufa majini." Darasa lilicheka. Samaki kufa maji! Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua yuko sahihi na nilikuwa nimelisahau. Kamongo wa ziwa letu ana mapafu, na akiwa mkubwa hutegemea hewa ya juu ya maji. Nyavu ikimbana chini muda mrefu anakata roho katikati ya maji. Baba yake anayajua hayo tangu utotoni bila kufungua kitabu. Nilimuuliza alianza lini kulifikiria swali hilo. Akasema ni tangu wiki mbili nyuma. Kila alipofungua ukurasa ule sentensi ilikuwa palepale, na kila mara ilimkera.

Novemba alikirudisha kitabu. Jalada lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa nyavu, kurasa za katikati zina harufu ya dagaa, na kwenye moja ya kurasa hizo lilikuwa limeganda gamba la samaki ambalo sikuthubutu kulibandua. Mtunza stoo alitaka kuandika "kimeharibika." Tulibishana kidogo, tukakubaliana aandike "kimetumika." Pembeni ya sentensi ya matamvua kulikuwa na maneno mawili ya penseli, yaliyokandamizwa kwa nguvu: "Kamongo je?" Januari kitabu namba 17 kilikwenda kwa mvulana mmoja wa Kayenze, na kabla ya mwezi kwisha alikuja ofisini akiwa amekifungua kwenye ukurasa uleule, akitaka kujua nani aliyeandika na jibu liko ukurasa wa ngapi.